Furaha Inayoniangusha

Laela,
11 Februari 2024

Mwanangu Shemasi Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia huko huko Songea, na mimi nimeshasikia.

Sisi hatujambo. Mvua haijatulia tangu Krismasi. Mahindi ya bondeni yameshatoa mbelewele, ya huku juu yana unjano kidogo kwa sababu mbolea ilichelewa, ila ulezi umesimama vizuri mpaka watu wanapita wanauangalia. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike. Baba yako goti linamsumbua, ukimwambia apumzike anasema kama ng'ombe hawapumziki yeye ni nani. Dada yako Edith alikuja Jumamosi kutoka Mazwi na watoto wote wanne. Wamekula, wamemaliza, wameondoka.

Barua hii naiandika nimekaa, na yako nitaisoma nimekaa, kama mlivyoniwekea sheria. Tangu siku ile Edith aliponipigia kuniambia umepewa ushemasi, nikaangukia ungo wa maharage na simu mkononi, baba yako amenipokonya simu mpaka leo. Anasema simu inaleta habari kama teke la punda, lakini barua inaanza na salamu, mtu anajiandaa. Haya, sawa. Kwa hiyo mimi nimerudi kuishi kama zamani, nangoja kondakta wa basi. Barua zako anaziacha kwa Kulsumu pale dukani kwake stendi, na Kulsumu anafunga duka anazileta mwenyewe mpaka mlangoni. Hataki nisome njiani. Anasimama mpaka nikae, ndipo ananikabidhi.

Sasa nikuulize. Upadirisho wako ni tarehe ngapi? Nikimuuliza Edith anasema bado. Nikimuuliza baba yako anasema muulize Edith. Kulsumu, ambaye kanisani kwetu haingii, ananiambia, "Mama Flavian, mbona pale stendi wanasema ni Julai?" Stendi wanajua, mama aliyekuzaa hajui.

Mimi sijaanguka tangu Novemba. Andika tarehe, mwanangu, nianze kutafuta kuku.

Mama yako,
Luciana


Songea,
3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina.

Barua yako ilikaa Mbeya siku tisa, lakini ilifika ikiwa nzima. Nimefurahi kwa ndama. Mwambie Baba goti asilikande kwa maji ya moto tu, aende zahanati.

Huku mvua ni kubwa, kuliko hata ya kwetu. Jana tulikuwa na mechi ya walimu na mashemasi, niliwekwa golini, nikafungwa matano. Mvua ilikuwa inanyesha, mpira hauonekani. Nimejifunza kuhubiri dakika nane bila kusoma karatasi. Mlezi wetu anasema nazungumza haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Mama, unakunywa maji ya kutosha? Unalala? Mambo ya tarehe yako ofisini kwa Askofu, yana utaratibu wake, wewe usiyafikirie sana. Yakiwa tayari tutaongea kwa utulivu. Kipindi cha mvua kikiisha kila kitu kitakaa sawa.

Msalimie Mama Kulsumu.

Mwanao,
Flavian


Laela,
7 Aprili 2024

Mwanangu Shemasi,

Tumsifu Yesu Kristo, tena Mfufuka.

Pasaka tumeila vizuri. Baba yako amechinja yule jogoo aliyekuwa anawachokoza watoto wa Kulsumu, na bakuli moja tumewapelekea, wamesema mwisho wa mkorofi ni mchuzi. Jumuiya yetu ndiyo iliyopamba kanisa mwaka huu. Mahindi tunakula mabichi sasa.

Flavian, barua yako nimeisoma mara tatu. Mvua umeitaja mara nne. Tarehe hujaiandika hata mara moja. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu naweza.

Sasa sikiliza. Jumatano nilikwenda Mazwi kumwona mtoto mdogo wa Edith, alikuwa na surua. Edith akatoka kwenda dukani. Mimi nikapita kwa Ignasi fundi cherehani, pale jirani, anishonee kipindo cha sketi. Nikaona kitenge kimetundikwa, kizuri, chenye picha za kalisi na mkate, na gauni limeshakatwa. Nikamwambia, "Ignasi, hilo gauni la nani?" Akasema, "Ni la mama mzazi wa shemasi Flavian, la siku ya Julai." Nikamwambia, "Mama mzazi wa shemasi Flavian ni mimi." Akaniangalia juu mpaka chini. Akachukua futi, akanizungushia kiunoni bila hata kuomba ruhusa, akarudi kwenye daftari lake. Akasema, "Mama, basi umekonda sana. Hivi vipimo ni vya watu wawili kama wewe."

Kiuno changu unakijua. Na katika ukoo wetu mwenye kiuno cha watu wawili ni mmoja tu, shangazi yako Cornelia.

Sijamwambia Edith kitu. Nimerudi kwa basi la saa nane, nimekaa dirishani mpaka Laela. Kulsumu ameniona ninavyoshuka akaniletea chai bila kuuliza.

Nakuuliza wewe, maana wewe huwezi kusema uongo, umekatazwa. Siku hiyo ni nani atakayekushika mkono na kukutoa mbele ya Askofu?

Mama yako,
Luciana


Songea,
28 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Tafadhali kaa kabisa, uegemee ukuta, ndipo uendelee kusoma.

Ni Shangazi Cornelia. Usimlaumu, wala Edith, wala Baba. Ni mimi niliyewaomba.

Mama, mwaka ule tulipomzika Mjomba Kornel, uliponiangukia pale kaburini, mimi ndiye niliyelala nawe hospitali siku tisa. Ulikuwa umeshika kifua. Daktari aliniita pembeni akaniambia moyo wako umelegea upande mmoja kwa ajili ya majonzi, tusubiri tuone. Nilikuwa frateri, sikuwa na la kufanya ila kusubiri. Nilikuwa nakuhesabia pumzi. Hujawahi kujua hilo. Kila ulipokawia kuvuta pumzi na mimi nilizuia yangu.

Ulipona. Halafu furaha ya simu moja tu ikakuangusha kwenye maharage. Sasa nifikirie kanisa limejaa, kwaya tatu, ngoma, vigelegele, mimi nimelala chini mbele ya altare na wewe umesimama hapo. Sitaki siku ninayopewa upadre iwe ndiyo siku ninayompoteza mama yangu. Niliwaza hata kumwomba Askofu anipadirishe peke yangu huku Songea, bila mtu yeyote wa nyumbani.

Tulipanga jioni ile ile nije Laela, nikupe baraka ya kwanza nyumbani, umekaa kwenye mkeka wako, kimya, bila kelele za watu. Niliona ni jambo jema. Nilipoandika habari za mvua sikuona jema tena.

Nisamehe.

Flavian


Laela,
26 Mei 2024

Flavian mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Tumeanza kuvuna. Mahindi si mabaya. Baba yako goti limepungua. Mtoto wa Edith amepona surua. Salamu zimeisha.

Barua yako nimeisoma nimekaa. Halafu nikasimama. Halafu nikakaa tena, Kulsumu akasema, "Mama Flavian, chagua moja." Nilikasirika, nisikufiche. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nikaona nitaandika maneno ambayo mama haandiki. Nikangoja hasira ipoe. Haikupoa, kwa hiyo nikaenda hospitali.

Tulikwenda Sumbawanga na Kulsumu, basi la alfajiri, baba yako nilimwambia tunafuata sabuni. Tukamkuta daktari mwanamke, kijana kabisa, Daktari Faith, amevaa raba nyeupe. Nikajisemea huyu ataniambia nini. Lakini alikaa akanisikiliza kuliko mtu yeyote wa nyumba yangu. Akanibandika waya kifuani, mashine ikachora. Akanipaka mafuta ya baridi, akautazama moyo wangu kwenye kioo kama televisheni ndogo. Na mimi nikautazama. Flavian, unapiga! Unafungua na kufunga kama mdomo wa samaki.

Akaniambia hivi, na Kulsumu ni shahidi. Ule wa mwaka wa kaka yangu Kornel ulikuwa ni moyo wenyewe, ulishtuka kwa majonzi ukalegea, na umeshapona, alama haionekani. Huku kuanguka kwangu kwa siku zote ni jambo jingine. Habari ikiingia kwa nguvu, iwe ya msiba iwe ya furaha, moyo unapunguza mwendo na mishipa inalegea, damu inashuka miguuni, kichwa kinabaki kitupu. Mtu anadondoka. Akishalala chini damu inarudi, anaamka. Mwili unajilaza wenyewe. Kinachoumiza watu wengi ni pale wanapojigonga.

Akaniuliza, "Nyumbani wakikuona umeanguka wanafanya nini?" Nikamwambia wananitunza vizuri sana. Baba yao ananiinua, wifi yangu Cornelia ananishika shingo, wananikalisha kwenye kiti, wananipepea, wananimwagia maji.

Akaweka kalamu chini. "Wanakukalisha?"

"Ndiyo."

"Ukiwa bado umezimia?"

"Ndiyo, na wakiona nateleza wananifunga na khanga kwenye kiti."

Kulsumu akajifunika uso na mtandio. Mimi nilidhani analia, kumbe anacheka. Daktari akasema, "Mama, damu inahangaika kurudi kichwani, na hao wanaokupenda wanairudisha chini."

Basi, miaka yote hiyo! Ndiyo maana nilikuwa nachelewa kuamka, na mkiona nachelewa mnazidi kuninyanyua.

Amenipa masharti. Ninywe maji mengi. Nisisimame muda mrefu mahali pamoja, na nikilazimika nipishanishe miguu niikaze kwa nguvu. Nikiona jasho la baridi, masikio yanavuma, macho yanafunikwa, nilale hapo hapo, miguu juu ya kitu, nisione aibu hata kama ni mbele ya Rais. Na kama nitaanguka huku kifua kinauma, au nikiwa natembea tu bila habari yoyote, nikimbizwe hospitali. Agosti nirudi anione tena.

Nikamuuliza, "Na furaha, daktari? Naruhusiwa?" Akasema, "Furaha haina kipimo, mama. Chukua yote."

Na mimi nina yangu niliyokuficha. Jumapili ya Matawi nilianguka kanisani, kwaya ilipoingia na matawi. Wakanikalisha, nikateleza kwenye kiti, nikapasuka juu ya jicho. Ndiyo maana Mazwi nilivaa kilemba mpaka kwenye nyusi. Nilijua nikikwambia utanizuia. Kumbe ulikuwa umeshanizuia, tulikuwa tunafichana watu wawili gizani.

Sasa nisikie, na hili silirudii. Nilikuzaa mvua ya Februari, njia imekatika, mkunga hakufika. Sikuzimia. Siwezi kukutoa kwa Mungu kwa mkono wa Cornelia, hata kama mkono wake ni mnono. Nikianguka, nitakuwa nimeanguka nikiwa nimekuona. Na mniache chini.

Andika tarehe.

Mama yako,
Luciana


Songea,
14 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo.

Alhamisi, tarehe 11 Julai, saa tatu asubuhi, Sumbawanga, kanisa kuu. Tupo watatu. Utakaa benchi la kwanza upande wa kulia, pembeni, penye nafasi ya mtu kujinyoosha. Nafasi hiyo nimeiomba mwenyewe.

Nimempigia Edith. Alilia, akafurahi, akagombana nami, akakata simu, akapiga tena. Baba nimemweleza habari ya kiti. Akasema, "Miaka yote hiyo?" Amekuwa mpole sasa, Mama, anajilaumu.

Shangazi Cornelia naye amekubali. Ila ameuliza kama gauni anaruhusiwa kulivaa, kwa kuwa halimtoshi mtu mwingine.

Njoo. Naogopa bado, lakini njoo.

Flavian


Laela,
4 Agosti 2024

Mwanangu Padre Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa nimekaa dakika nzima sijui nianzeje. Nikupe shikamoo au nipokee? Nimeamua siku za barua nitapokea. Ukiwa umevaa kanzu tutaona.

Hatujambo. Ulezi tumeshakata. Baridi ni ya kukausha midomo. Wageni wa mwisho wa sherehe yako wameondoka wiki iliyopita, wale wa upande wa baba yako, walikuwa wamenogewa.

Nakuandikia kwa sababu ulipangiwa parokia upesi mno, hatukukaa tukaongea, na kuna mambo hukuyaona. Yaliyotokea ulipokuwa umelala kifudifudi hakuna anayeweza kukusimulia kama mimi.

Kukutoa, nilikutoa vizuri. Nilikuwa nimekunywa maji chupa mbili, nimepishanisha miguu ndani ya gauni, nimekaza mpaka mapaja yanatetemeka. Nikakushika mkono, baba yako akakushika mwingine, tukakukabidhi. Nikarudi benchini kwa miguu yangu. Edith alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Halafu mkalala chini watatu, na litania ya watakatifu ikaanza. Nikaona visigino vya viatu vyako vipya. Kimoja kilikuwa bado na karatasi ya bei. Flavian, ni ile karatasi iliyonimaliza. Masikio yakaanza kuvuma, jasho la baridi likanishika mgongoni. Nikasema haya, Luciana, ni sasa. Nikatandika kitenge, nikalala chali pale pembeni, miguu juu ya ubao wa kupigia magoti. Baba yako akaanza kuinama aninyanyue. Nikamwambia, "Clemens, niguse uone." Akarudi magotini mwake, akaendelea, "Utuombee."

Nikatulia. Damu ikaanza kurudi, naisikia kabisa. Nikageuza kichwa, nikamwona mama wa yule mwenzako wa Matai ananitazama. Akamnong'oneza Cornelia, "Na sisi?" Cornelia, ambaye hajawahi kusema sijui maishani mwake, akamjibu, "Nadhani wamama wa mapadre wote." Yule mama hakuuliza tena. Akatandika khanga, akalala, mkoba juu ya tumbo. Mama wa yule wa tatu akaona atabaki peke yake, na yeye akalala, na ana kilo zake, Edith alimsaidia kushuka. Basi watoto watatu wamelala kifudifudi mbele ya altare, na mama zao watatu wamelala chali nyuma yao, na kwaya inaita watakatifu. Padre anayeongoza taratibu alikuwa anafunua kitabu chake mbele na nyuma, anatafuta ukurasa.

Mimi nilicheka, Flavian. Nimelala kanisani nacheka kimya mpaka machozi yananiingia masikioni. Na sikuzimia. Litania ilipokwisha mkasimama, na sisi tukasimama. Nimesikia Askofu baadaye alimwambia paroko wetu kwamba yeye alitegemea kuwainua watatu.

Sasa hili la mwisho ni letu wawili.

Ulipokuja kunipa baraka ya kwanza, nilikuwa nimepiga magoti. Nikakushika mikono nivibusu viganja, vinanukia mafuta ya krisma, vimelowa. Vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Nikainua macho. Juu ya mdomo una matone ya jasho, midomo imekuwa rangi ya majivu, na jicho lako linatafuta mahali pa kushika. Nikajua. Hakuna mwingine katika kanisa lile lote ambaye angejua. Nikakuvuta kwa nguvu, nikasema, "Kaa chini, baba." Ukakaa. Ukakaa sakafuni na kanzu yako mpya, nikakuinamisha kichwa mpaka magotini, nikakiwekea mikono, nikakusikilizia mshipa wa shingoni. Ulikuwa unapiga polepole, polepole, kisha ukaanza kushika mwendo.

Vigelegele vililipuka pale mpaka madirisha yakalia. Cornelia alipiga kelele, "Muoneni! Kaketi miguuni pa mama yake!" Watu walilia. Picha hiyo wameitengenezea fremu nyumba tatu hapa Laela, na katekista aliitaja Jumapili alipofundisha watoto juu ya unyenyekevu.

Ijumaa nilirudi kwa Daktari Faith. Nikamuuliza kama jambo hili mtoto anaweza kulipata kwa mama. Akasema kwenye familia hutokea, uende upimwe moyo mara moja tu, tuwe na hakika, kisha uishi. Nenda wiki hii. Kunywa maji kabla ya misa. Ukisimama muda mrefu pishanisha miguu, chini ya kanzu nani ataona. Likikuzidi, kaa. Usiogope watu. Watakutafutia maana nzuri wenyewe.

Ulipopata rangi, ulinibariki ukiwa umekaa. Nilikuwa macho. Nilisikia kila neno.

Baba yako hajui, Edith hajui. Wanawake wa jumuiya wakinijia kusifu, "Mama Padre, umezaa mtoto mnyenyekevu," mimi nashika kidevu, naangalia chini, naitikia amina.

Mama yako,
Luciana